Kwa nini chembe za damu hazishikani

Mtaalamu wa maabara anachukua mrija mwembamba wa kioo wenye alama za milimita kuanzia sifuri hadi 200. Anavuta ndani yake damu iliyochanganywa na dawa ya kuizuia isigande, anausimamisha wima kwenye kishikio, anatazama saa, kisha anaendelea na kazi nyingine. Mwanzoni mrija wote ni mwekundu. Baada ya muda, juu kabisa, unatokea utepe mwembamba wa majimaji ya manjano. Saa moja ikitimia anarudi, anaweka macho sawa na mpaka wa manjano na wekundu, anaandika namba. Kwa mwanamume mwenye afya ambaye hajafikisha miaka 50, mpaka huo kwa kawaida huwa haujashuka zaidi ya milimita 15. Kwa mwanamke wa umri huo, 20. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu au wa baridi yabisi unaweza kuwa umeshuka 60, 80, hata kupita 100.

Hicho ndicho kipimo cha ESR. Watu wengi wamewahi kupimwa na kurudishiwa karatasi yenye namba hiyo; walioelezwa inapima nini ni wachache mno. Haitafuti kijidudu. Haihesabu chembe. Kinachosomwa pale ni nguvu ambayo chembe nyekundu za damu hutumia kusukumana zenyewe kwa zenyewe ili zisigusane, na namba inapopanda maana yake ni kwamba kuna kitu ndani ya damu kimeishinda nguvu hiyo.

Nguvu yenyewe ni ile ile tunayofundishwa shuleni na kuisahau baada ya mtihani: chaji za aina moja husukumana, za aina tofauti huvutana. Uvutano wa dunia haujui kusukuma, unavuta tu. Umeme unajua yote mawili. Mwaka 1785 mhandisi wa jeshi la Ufaransa, Charles-Augustin de Coulomb, alining'iniza kijiti chepesi kwa waya mwembamba wa fedha, akaweka kitufe kidogo kwenye ncha ya kijiti na kitufe kingine pembeni yake, kisha akavitia vyote viwili chaji ya aina moja. Vikasukumana na waya ukajisokota. Kwa kupima pembe ya msokoto, Coulomb aliweza kupima nguvu isiyoonekana. Akakuta kwamba umbali ukipungua kwa nusu, msukumo huongezeka mara nne. Na msukumo huu si wa mchezo. Protoni mbili zikiwekwa karibu, nguvu ya umeme inayozitenganisha ni kubwa kuliko uvutano wa uzito wao kwa kiwango ambacho huandikwa kwa 1 ikifuatiwa na sifuri 36.

Sasa tuingie kwenye mshipa. Tone la damu lenye ujazo wa milimita moja tu kila upande lina chembe nyekundu zipatazo milioni tano. Kila moja ina upana wa maikromita 7 hadi 8, na mishipa midogo kabisa mwilini ni myembamba kiasi kwamba chembe hulazimika kupita moja moja, tena kwa kujikunja. Msongamano wa namna hiyo, usiku na mchana kwa siku 120 ambazo chembe huishi, ungetosha kabisa kuzifanya zinatane na kuziba njia. Hazinatani. Juu ya utando wa kila chembe zimesimama protini ziitwazo glikoforini, na protini hizo zimebeba mikia ya sukari ambayo ncha zake ni asidi ya sialiki. Asidi hii ikiwa ndani ya damu hupoteza chembe yake ya haidrojeni yenye chaji chanya na kubaki hasi. Kwa hiyo kila chembe nyekundu imefunikwa na chaji hasi pande zote, na kuta za mishipa nazo zimefunikwa hivyo hivyo. Chembe inaisukuma jirani yake, na ukuta unaisukuma chembe.

Damu ni ya chumvi, na jambo hili lina uzito wake. Chaji chanya za sodiamu hukimbilia kuizunguka chembe na kuufunika uhasi wake, hivyo msukumo haufiki mbali. Unafanya kazi pale tu chembe mbili zinapokaribia kugusana, na hapo husaidiwa na ule msitu wa sukari ambao haupendi kubanwa. Upande wa pili kuna nguvu nyingine zinazotaka kuzivuta chembe pamoja. Afya ya damu inakaa katikati ya ushindani huo, na msukumo hauna ziada kubwa ya kujivunia. Wanaopima hali ya umeme kwenye uso wa chembe nyekundu hupata kiasi cha milivolti 15 hasi hivi. Betri ndogo ya tochi ina volti moja na nusu, yaani mara mia.

Kinachoharibu uwiano huo ni protini kubwa, na mkuu wao ni fibrinojeni. Hutengenezwa na ini, kazi yake ya siku zote ni kusaidia damu kuganda tunapojikata. Lakini mwili unapopambana na maambukizi, au viungo vinapovimba na kupata joto, au saratani inapokuwa imejificha mahali, ini hupokea ishara na kuimwaga kwa wingi. Ni molekuli ndefu, kiasi cha nanomita 45, na kunapokuwa na nyingi ndani ya damu, chembe nyekundu husogezwa pamoja licha ya chaji zao. Wataalamu wanabishana hadi leo kama fibrinojeni huwa daraja kati ya chembe na chembe, au hukimbia ile nafasi ndogo iliyo kati yao na kuziacha zikisukumwa kutoka nje. Matokeo hayana ubishi: chini ya hadubini, chembe zinaonekana zimebebana bapa kwa bapa kama sarafu zilizopangwa juu ya meza ya mwenye duka.

Rundo la namna hiyo huzama haraka kuliko chembe moja moja. Kitu kidogo kinachozama kwenye majimaji huzuiwa na msuguano unaotegemea upana wake, ilhali uzito wake hutegemea ujazo wake wote. Kinapokuwa kikubwa, uzito huushinda msuguano. Ndiyo sababu mpaka unashuka kwenye mrija. Fizikia yote ya ESR ni hiyo.

Aliyeiona mapema kuwa ni ishara ya ugonjwa alikuwa daktari wa Poland, Edmund Biernacki, mwaka 1897, lakini hakusikilizwa sana. Mwaka 1918 Msweden Robert Fåhraeus aligundua kwamba damu ya wajawazito huzama haraka kuliko ya wanawake wengine, akadhani amepata kipimo cha mimba. Baadaye akakuta damu ya wagonjwa wa kila aina inafanya vile vile. Mwenzake Alf Westergren akaweka utaratibu mwaka 1921 kwa kuchunguza wagonjwa wa kifua kikuu: urefu wa mrija, kiasi cha dawa (sehemu nne za damu kwa moja ya sodiamu sitreti), muda wa saa moja. Utaratibu wake ndio unaofuatwa hadi sasa. Fåhraeus alikwenda mbali zaidi. Alisema kwamba ile elimu ya kale ya Wayunani ya maji manne ya mwili, ambayo iliingia katika tiba ya Waarabu na kufika hadi pwani yetu na majina yake ya balghamu na safura, huenda ilizaliwa na watu walioitazama damu ikitulia kwenye chombo na kujigawa tabaka: nyeusi chini, nyekundu juu yake, nyeupe nyembamba, na manjano. Sina namna ya kuthibitisha dhana hiyo, lakini ukishauona mrija wa ESR ni vigumu kuipuuza.

Sasa nije kwa mgonjwa mwenye karatasi mkononi, kwa sababu hapa ndipo panaponiuma. ESR ikiwa juu si jina la ugonjwa. Inasema tu kwamba protini kubwa zimeongezeka na chembe zinashikana. Mimba yenyewe inaipandisha, kwa kuwa fibrinojeni huongezeka mwanamke anapobeba mimba. Umri unaipandisha. Upungufu wa damu unaipandisha, kwa sababu chembe zikiwa chache majimaji hupata nafasi ya kupanda na chembe kushuka bila kuzuiana. Hata mrija ukisimama vibaya: kuinama nyuzi tatu tu kutoka wima kunaweza kuongeza kasi kwa asilimia 30, maana chembe huangukia ukuta wa chini na kuteleza nao. Mtetemo wa meza na joto la jua la dirishani nao huharibu. Mtu anayeambiwa kwamba ESR yake ni 35 na papo hapo akaandikiwa antibayotiki, bila kuulizwa dalili wala kupimwa kingine, ametibiwa namba. Ana haki ya kuuliza: inatokana na nini? Kwa kifua kikuu, kwa mfano, jibu linatolewa na kipimo cha makohozi kama GeneXpert, ambacho hutafuta vinasaba vya bakteria mwenyewe. ESR iliyopita 100 ni suala jingine. Hiyo mara nyingi ina sababu nzito nyuma yake na haifai kuachwa bila kufuatiliwa.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo ni la hatari zaidi kwetu, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Chembe iliyojikunja kama mundu na kukakamaa haiwezi kupangika bapa kwa bapa na wenzake. Fibrinojeni inaweza kuwa imejaa tele, mtoto ana maambukizi makali, na ESR ikabaki chini. Anayeisoma namba hiyo na kusema hakuna tatizo amedanganywa na umbo la chembe.

Asidi ya sialiki ina habari nyingine, na hii inahusu malaria. Kijidudu cha Plasmodium falciparum kinapotaka kuingia ndani ya chembe nyekundu, mojawapo ya njia zake ni kushika glikoforini, na kinachoshikwa hasa ni ile ile asidi ya sialiki inayozifanya chembe zisukumane. Kinga ya mtiririko imegeuzwa kuwa mpini wa mlango. Kikishaingia, kijidudu huotesha vinundu juu ya utando wa chembe na kuviwekea protini zake zinazonata kwenye kuta za mishipa. Msukumo wa umeme haufui dafu mbele ya gundi hiyo, na chembe zilizonasa kwenye mishipa ya ubongo ni sehemu ya yanayosababisha malaria kali.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, baadhi ya watu wamerithi glikoforini ya mchanganyiko iitwayo Dantu, nusu ya aina moja na nusu ya nyingine. Watafiti wa huko na wenzao walitangaza mwaka 2020 kwamba chembe za wenye Dantu zina utando uliokazwa kuliko kawaida, kiasi kwamba kijidudu hushindwa kuupenya. Hapo kinga haitokani na chaji. Ni mvutano wa utando wenyewe. Lakini mabadiliko yametokea kwenye protini zile zile zinazobeba sukari.

Hadi hapa msukumo umekuwa rafiki. Kuna mahali tunataka uondoke, na mahali pa kwanza ni kwenye ndoo ya maji. Maji ya mto baada ya mvua hubeba chembe za udongo wa mfinyanzi ambazo, kama chembe za damu, zina chaji hasi na husukumana. Chembe ya udongo yenye upana wa maikromita moja huhitaji zaidi ya siku mbili kuzama sentimita 20, na zilizo ndogo zaidi huhitaji miezi. Ndiyo maana maji hayo yakiachwa usiku kucha yanaamka yakiwa na rangi ile ile. Tope si suala la sura tu: bakteria hujificha ndani yake, na klorini unayotia humalizikia kwenye uchafu kabla ya kuwafikia.

Shabu huondoa msukumo huo. Ni chumvi ya aluminiamu, na kila aluminiamu inapoyeyuka hubeba chaji chanya tatu. Chaji tatu pamoja zina nguvu kubwa mno ya kuufuta uhasi wa udongo ikilinganishwa na chaji moja ya sodiamu ya chumvi ya jikoni, na hiyo ndiyo sababu mitambo ya maji ya miji hutumia chumvi za aluminiamu au za chuma badala ya chumvi ya mezani. Uhasi ukishafutwa, chembe zikigongana hukaa pamoja, huwa mabonge, hushuka. Mbegu za mlonge hufanya kazi hiyo hiyo kwa protini zenye chaji chanya. Samia Al Azharia Jahn aliichunguza desturi ya kuzitumia kwa wanawake wa vijijini Sudan na kuiandika kwa kina: mbegu zilizokauka humenywa, hutwangwa, unga ukakorogwa kwenye maji kidogo, ukachujwa, kisha maji hayo yakatiwa kwenye ndoo na kukorogwa haraka kwanza, halafu taratibu kwa dakika kadhaa. Kule kukoroga taratibu ndiko kunakozikutanisha chembe bila kuyavunja mabonge. Maji yaliyotulia ni meupe na bakteria wengi wameshuka na tope, lakini hawakuisha, na mabaki ya mbegu huwalisha waliosalia. Yachemshwe au yatiwe klorini, na yatumiwe siku hiyo hiyo.

Mahali pa pili ni benki ya damu. Kundi la damu hupimwa kwa kuchanganya chembe na kingamwili na kutazama kama zitashikana. Kwa makundi ya A na B, ambayo Karl Landsteiner aliyatangaza mwaka 1901, hilo ni rahisi. Kingamwili zake nyingi ni za aina ya IgM, kubwa, zenye mikono kumi, zinazoweza kushika chembe mbili kwa pamoja ijapokuwa zinasukumana. Baada ya Landsteiner na Alexander Wiener kutangaza kundi jingine la damu, Rhesus, mwaka 1940, ikaonekana kwamba kuna akina mama ambao watoto wao walikuwa wakifa kwa kuharibiwa damu tumboni, na wao wenyewe walionekana kuwa na kila sababu ya kuwa na kingamwili dhidi ya Rhesus, lakini kwenye kioo chembe zilikataa kushikana. Kingamwili zilikuwapo. Zilikuwa za aina ya IgG, zenye mikono miwili tu na urefu wa nanomita 15 hivi, nazo zilikuwa zimeishika chembe moja bila kuifikia ya pili. Msukumo ulikuwa unaficha ushahidi.

Mwaka 1945 Robin Coombs, akiwa ndani ya treni iliyokuwa ikitoka London kwenda Cambridge usiku, alipata wazo la kutumia kingamwili inayoshika kingamwili: ukiitia, hufunga ile iliyo juu ya chembe hii na ile iliyo juu ya chembe ya jirani, na umbali unazibwa. Alilichapisha mwaka huo pamoja na Arthur Mourant na Rob Race, na hadi leo kipimo kinaitwa kwa jina lake. Maabara nyingine zilipita njia tofauti, ya kuupunguza msukumo wenyewe. Zilitumia kimeng'enya cha papaini, kinachopatikana kwenye utomvu wa papai bichi, ule ule unaolainisha nyama ngumu. Papaini hukata glikoforini na kuziondoa pamoja na asidi yao ya sialiki. Chaji hasi hupungua, chembe hukaribiana, na IgG fupi hufika. Kimeng'enya cha nanasi hufanya hivyo pia.

Afrika Mashariki wenye Rhesus hasi ni wachache kuliko Ulaya, ambako hufika kama asilimia 15, na huo uchache ndio unaowafanya wasahaulike. Mama mwenye Rhesus hasi aliyebeba mtoto mwenye Rhesus chanya anaweza kutengeneza kingamwili damu ya mtoto inapoingia kwenye yake, hasa wakati wa kujifungua au mimba inapoharibika. Mtoto wa kwanza mara nyingi husalimika. Anayefuata ndiye anayeshambuliwa. Sindano ya anti-D, iliyoanza kutumika mwaka 1968, huzuia mwili wa mama usijifunze kushambulia, nayo hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, na inapowezekana pia katika wiki ya 28 ya mimba. Mjamzito anapofika kliniki, aulize kundi lake na Rhesus yake viandikwe kwenye kadi. Akikutwa ni hasi, aulize pia kama amepimwa Coombs, kwa maana sindano hiyo haimsaidii mama ambaye kingamwili zake zimeshatengenezwa. Huyo anahitaji mimba yake ifuatiliwe kwa karibu katika hospitali yenye uwezo wa kumwongezea mtoto damu.